PASWEDI YA BOSI ILIPOSIKIKA MPAKA KIGOMA

Msomaji wangu, kama una kompyuta ofisini au nyumbani, bila shaka umeshakereka na jambo hili. Unaiwasha, inakuuliza neno la siri. Unaliandika, inakubali. Unafungua barua pepe, nayo inakuuliza neno lake la siri. Unabaki unajiuliza, kwani hawa wawili hawajuani? Si wanakaa nyumba moja?

Tangu nifungue kaduka kangu ka steshenari hapa Kasulu, swali hilo nimeulizwa mpaka nimechoka. Mtu anakuja na leptopu yake kwapani, hata hajakaa, anasema, "Dada, niwekee paswedi moja tu, ya kompyuta na ya barua pepe, hizi nyingi zinanichanganya." Zamani nilikuwa nawafanyia haraka haraka, napokea changu, basi. Siku hizi navuta stuli kwanza, maana jambo hili limenitia aibu mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Kibondo, na aibu tuligawana na bosi wangu. Mara ya pili ilikuwa hapa hapa Kasulu, na ile aliyeumia hakuwa mimi.

MIKE PAPA

Ilikuwa Novemba 1999. Nilikuwa katibu muhtasi wa shirika moja (jina nalihifadhi, wenyewe bado wapo) lililokuwa likihudumia wakimbizi wa Burundi. Wanaoikumbuka Kibondo ya miaka ile wanajua nasema nini. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, watu walivuka mpaka kwa maelfu, na mji wetu mdogo wa baridi na ukungu ukajaa magari meupe yenye milingoti ya redio. Kanembwa, Mtendeli, Nduta, hayo yalikuwa majina ya kila siku. Vyumba vya kupanga vikapanda bei, ndizi zikapanda bei, na sisi wasichana tuliojua kupiga taipu tukaonekana lulu.

Ofisini tulikuwa na kompyuta mbili za Windows 95 na jenereta moja lenye tabia zake. Barua pepe ilipitia simu ya setilaiti, na kila dakika ya simu ile ilikuwa dola. Kwa hiyo uliandika barua zako zote kwanza, ukazisoma mara tatu, ndipo ukapiga. Zikishatoka unakata mbio mbio kama mtu anayeiba sukari.

Barua pepe ya ofisi ilikuwa moja, na neno lake la siri alilijua bosi peke yake. Aliliandika mara moja kwenye kompyuta yangu, akaweka alama kwenye kile kisanduku cha "nikumbukie", akaniambia, "Binti, wewe kazi yako kutuma tu, hili halikuhusu." Mimi nikasema sawa mzee.

Basi bwana, Ijumaa moja mvua imenyesha tangu alfajiri, malaria imepamba moto kambini, na mganga ameniletea oda ya dawa. Kwinini, maji ya drip, sindano, vitu zaidi ya sitini. Dar walikuwa wanafunga oda saa kumi jioni. Ikikupita, unasubiri wiki mbili. Saa tisa kasorobo nikamaliza kuchapa, nikahifadhi (Mungu mkubwa!), jenereta likakohoa, likazima.

Lilipowaka, kompyuta ikajiwasha, ikajikagua weee, halafu ikaniletea lile dirisha la kuuliza jina na neno la siri. Mimi na haraka zangu nikabonyeza Esc. Kila mtu pale ofisini alifanya hivyo. Windows 95 ilikuwa na mlango wa ajabu, ukisema hutaki kujitambulisha inakwambia haya, pita.

Nikafungua barua pepe, nikabonyeza kutuma. Ikaniuliza neno la siri.

Neno gani tena? Si inalikumbuka? Nikajaribu jina la shirika. Ikakataa. Nikajaribu jina la mji. Ikakataa. Mganga amesimama nyuma yangu, anapumua shingoni. Bosi yuko safarini kwenda Kigoma.

Tukakimbilia redio koli. Kwa vijana wasioijua, redio koli ilikuwa kama baraza la kijiji. Ukisema neno, wanalisikia madereva wote walioko njiani, ofisi zote, na kila asiye na kazi aliyekaa karibu na kipaza sauti. Bosi akapatikana Kasulu, anakula. Opereta wetu akamweleza. Kimya. Akamweleza tena. Bosi akasema subirini nifike Kigoma. Mganga akampokonya opereta kile kidude cha kuongelea, akasema, "Mzee, nina watoto kumi na wanne kwenye wodi ya watoto, na kwinini iliyobaki ni ya kesho tu. Ova."

Basi akaanza kutaja, polepole, kwa sauti ya chini kama anayeungama. Mike. Papa. Echo. November. Zulu. India. Opereta akaitikia, "Nakusoma, endelea." Kilo. India. Bravo. Oscar. November. Delta. Oscar.

Msomaji, andika mwenyewe pembeni uone. Nilipofika herufi ya sita nilikuwa nimeshainamisha kichwa. Bosi alikuwa mtu mzima, mwenye mke na watoto Dar es Salaam, na pale Kibondo watu walikuwa na minong'ono yao ambayo mpaka siku ile haikuwa na ushahidi.

Oda ilitoka saa kumi kasoro dakika kumi, na dawa zikaja. Lakini kufikia Jumamosi jioni hakuna dereva aliyemwita bosi kwa jina lake. Alikuwa Mike Papa, kuanzia Kibondo mpaka Kigoma bandarini. Na ofisi ya Dar nayo ilikuwa na redio, hayo mengine sikuyafuatilia.

Kilichoniuma ni Jumatatu, alipokuja fundi. Nikamweleza. Akacheka mpaka akashika tumbo. Akasema, "Dada, ungeizima, ukaiwasha, ukaandika jina lako na neno lako kama ilivyokuuliza, basi. Barua pepe isingekuuliza kitu."

Akanionyesha. Ndani ya Windows kulikuwa na faili lenye jina langu, mwishoni lina herufi tatu, PWL. Maneno yote ya siri uliyoiambia kompyuta ikukumbukie yalikaa humo, na kufuli la faili lile lilikuwa neno langu la kuingilia. Ukiingia kwa jina lako, faili linafunguka na barua pepe inachota neno lake kimya kimya. Ukiingia kwa Esc umeingia ndani, lakini sanduku limebaki limefungwa. Kompyuta haikuwa imesahau paswedi ya bosi. Haikujua tu kwamba aliyekaa mbele yake ni mimi.

Na usidhani kufuli lile lilikuwa la kutisha. Mwishoni mwa 1995, Windows 95 ikiwa na miezi michache tu sokoni, wajuzi wa hesabu za siri walikwishaonyesha jinsi ya kulivunja, na Microsoft ikabidi watoe kiraka. Mafundi wetu wao hawakuhangaika na hesabu. Mtu akisahau neno la kuingilia, wanalifuta faili la PWL, anaingia, anashukuru, halafu kesho yake anashangaa kwa nini kila kitu kinamuuliza neno la siri upya.

WENYE OFISI KUBWA

Kwenye ofisi kubwa jambo hili lilishapatiwa dawa siku nyingi. Kompyuta zote zinamsikiliza mkubwa mmoja, mashine iliyoko chumba cha ndani, ambayo ndiyo inayotunza majina ya wafanyakazi na maneno yao. Asubuhi unajitambulisha kwake mara moja tu. Ukifungua barua pepe, inamuuliza yule mkubwa, "Huyu unamjua?" Anajibu namjua. Basi, hakuna kuulizwa tena, na ukibadilisha neno lako umebadilisha sehemu moja. Watu wa mabenki wanajua ninachosema.

Walikuwepo pia waliotumia Lotus Notes, programu iliyotoka 1989. Hiyo ilikuwa na kiburi chake. Neno lake la siri lilifunga faili la kitambulisho chako lililokaa kwenye kompyuta yako wewe, halikukaa kwa yule mkubwa. Unabadilisha la Windows, la Notes linabaki lile lile la mwaka juzi. Ndiyo maana baadaye wakaweka njia ya kuyaunganisha mawili yaende pamoja.

Sisi wa leptopu moja hatuna mkubwa wa kuuliza. Tunachoweza ni kuiambia Windows itukumbukie. Au uingie Windows kwa anwani yenyewe ya barua pepe ya Microsoft, jambo lililowezekana tangu Windows 8 ya mwaka 2012, hapo neno ni moja kweli kweli. Lakini hata hapo, Windows 10 ilipokuja 2015 watu wakaanza kuingia kwa PIN. PIN ile ni ya mashine ile tu. Sina idadi ya wateja wangu walioandika PIN kwenye barua pepe mara kumi, halafu wakaja dukani wakisema wamelogwa.

"MAMA MDOGO, BARUA IMEKUJA?"

Sasa nije kwenye la pili, ambalo si la kucheka sana.

Mwaka 2021 binti wa dada yangu mkubwa alikuwa amemaliza uuguzi, anatafuta kazi. Nikamwambia usihangaike kufungua anwani mpya, weka ya kwangu, mimi niko kwenye kompyuta kutwa. Akaomba kazi kwenye shirika moja Kibondo. Kila asubuhi akipita kwenda sokoni anachungulia dukani, "Mama mdogo, barua imekuja?" Namwambia bado, mwanangu.

Wiki hiyo hiyo nikapata wazimu wa kujilinda. Nilisikia mtu kaibiwa pesa kwa sababu ya neno la siri jepesi, nikarudi dukani jioni nikabadilisha la kuingilia Windows. Nikaweka refu, gumu, la kujivunia. Na nikaamini kabisa kwamba la barua pepe nalo limebadilika, si naingilia pale pale! Barua pepe ikafunguka bila kuniuliza, nikasema hiyo ndiyo raha, moja kwa yote.

Nikaugua siku tatu. Niliporudi dukani, lile neno la kujivunia limenitoka kichwani lote. Nikaandika hivi, nikaandika vile, wapi! Nikamwita kijana fulani fundi. Akaja na flashi yake, akachomeka, baada ya robo saa akasema, "Tayari mama, nimeiondoa, ingia tu." Nikampa elfu kumi na soda juu.

Nikafungua barua pepe. Ikaniuliza neno la siri.

Msomaji, nilisikia ile mvua ya Kibondo. Nikaandika la Windows la zamani, ikakataa. Kumbe la barua pepe lilikuwa lile nililoweka miaka kadhaa nyuma na sikuwahi kuliandika tena, maana kompyuta ilikuwa inanikumbukia. Nikabonyeza "nimesahau". Google wakasema sawa, tunakutumia namba kwenye simu yako inayoishia na tarakimu hizi na hizi. Nikaziangalia zile tarakimu. Ilikuwa laini yangu ya zamani, ambayo sikuisajili kwa alama za vidole, na laini za namna hiyo zilianza kuzimwa Januari 2020.

Hapa ndipo niliposoma, usiku kucha kwa bando la simu, yale ambayo yule fundi wa Jumatatu alinifundisha nusu yake tu. Nayaeleza kwa namna ya nyumbani.

Windows ya leo nayo ina sanduku la maneno ya siri, imara kuliko lile la PWL. Ufunguo wa sanduku unatokana na neno lako la kuingilia. Ukibadilisha neno wewe mwenyewe, ukiwa ndani, ukaiandikia la zamani kisha jipya, inafungua sanduku kwa la zamani na kulifunga upya kwa jipya. Hakuna kinachopotea. Ndiyo maana jioni ile barua pepe haikuniuliza kitu. Lakini fundi akilazimisha kwa flashi yake, yeye amebadilisha kitasa cha mlango wa mbele. Sanduku liko chumbani, limefungwa kwa ufunguo uliosahaulika, na Windows yenyewe haina wa akiba. Imetengenezwa hivyo makusudi, maana bila hivyo mwizi wa leptopu angefanya kama fundi alivyofanya na kusoma barua zako zote. Wenye Macintosh wanayajua haya kwa jina la Keychain. Ukilazimisha la kuingilia, Keychain inabaki inadai la zamani.

Kuna dawa ya kinga. Kwa wale wanaoingia Windows kwa neno la mashine yenyewe, inakubali uitengenezee flashi ya kujiokoa kabla hujasahau, unaiweka kabatini pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Mimi nilikuwa naiuza flashi, dazeni nzima iko ukutani, sikuwahi kutengeneza hata moja.

Asubuhi binti akachungulia. "Mama mdogo, barua imekuja?" Nikashindwa kusema bado. Nikamweleza. Hakulia. Alikaa kwenye stuli ya wateja akatazama chini, na hilo lilinichoma kuliko angenitukana.

Halafu akasema, "Lakini mama mdogo, mwaka juzi si ulifungua barua yako kwenye simu yangu ile ya zamani, ulipotaka picha za msiba?" Simu yenyewe alikuwa amempa mdogo wake anachezea gemu. Tukapanda bodaboda mpaka kwao. Kioo kimepasuka, chaji asilimia nne. Barua pepe yangu ilikuwa bado iko wazi mle ndani, haijawahi kutoka. Barua ilikuwepo, ina siku nne. Usaili ni kesho yake saa mbili asubuhi, Kibondo.

Siku hiyo magari yalikuwa yameshaondoka. Tukamtafutia nafasi kwenye gari la mzigo la alfajiri, yeye na magunia ya maharage. Mnaoijua ile barabara kabla ya lami mnaijua. Akafika saa mbili na dakika arobaini, sketi nyeupe imekuwa ya rangi ya udongo wa Kibondo. Wakamsikiliza wa mwisho. Kazi akapewa mwingine.

Siwezi kusema aliikosa kwa sababu ya kuchelewa. Huenda yule mwingine alikuwa bora. Lakini siwezi pia kusema hapana, na dada yangu alikaa miezi miwili bila kunipigia simu.

Wiki iliyofuata nikiwa sokoni napima mawese, muuzaji akataja bei ya debe, na lile neno refu la kujivunia likanirudia lote kama lilivyo, maana nililitunga kwa debe la mawese na bei yake ya siku ile. Nikaacha mawese palepale. Nikakimbia dukani, nikairudishia Windows neno lile lile. Ukirudisha la zamani, sanduku linautambua ufunguo wake. Barua pepe ikafunguka kama hakuna kilichotokea. Ilikuwa na matangazo sita na ile barua ya usaili.

SASA WATEJA NAWAAMBIAJE?

Mtu akija anataka paswedi moja, namuuliza kwanza: leptopu hii anaitumia nani? Maana mkileta ya nyumbani, la kuingilia analijua baba, mama, watoto na shemeji aliyekuja likizo. Ukilifanya kuwa la barua pepe, umewapa wote barua zako. Ndiyo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inasema kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa, lakini utamshitaki shemeji?

Kwa hiyo nawawekea mawili tofauti, Windows inakumbuka la barua pepe, na la barua pepe wanaliandika kwenye daftari linalokaa nyumbani. Wapo wanaonicheka, kompyuta na daftari wapi na wapi. Namba ya simu ya kujiokoa naikagua mbele yao, naipiga, nasikia inaita. Na fundi mwenye flashi akija, namwambia mteja ajaribu kukumbuka hata siku mbili kabla hajamruhusu.

Yule binti sasa ameajiriwa, yuko wodi ya wazazi, wilaya nyingine ya mkoa huu huu. Mwezi uliopita alipita dukani na leptopu mpya, akaomba nimwekee barua pepe. Nikaiwasha, nikaweka kila kitu, ilipofika kwenye neno la siri nikamwambia taja niandike. Akaivuta leptopu upande wake, akaniambia, "Mama mdogo, geuka kidogo."

Nikageuka, nikatazama barabarani mpaka alipomaliza.